Barazani kwa Bi Mwalimu: Maore ni kisiwa cha nani?

Toleo lililopita niligusia kwa sentensi mbili tu mashua zinazozama kati ya Nzwani na Maore, nikapita. Wasomaji hawakukubali nipite. Barua zilizokuja ni nyingi, na mwezi huu sijibu jingine ila hilo.

*

*Bi Mwalimu, shikamoo. Mimi ni baharia, mzaliwa wa Mkoani, na wewe ulinisomesha jografia darasa la saba. Ulitufundisha kwamba visiwa vya Komoro ni vinne: Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Safari hii chombo chetu kilitia nanga Mutsamudu, bandari ya Nzwani, na wenyeji wakatwambia Maore haendi mtu bila ya viza ya Ufaransa. Nikafungua ramani kwenye simu, nayo imeandika Ufaransa. Nimebaki na tashwishi. Ukweli ni upi?*
Baharia, Mkoani

Marahaba mwanangu. Nilikufundisha visiwa vinne, na leo ningekufundisha vilevile. Itazame bendera ya Komoro ukifika tena Mutsamudu. Ina nyota nne na milia minne: wa njano ni wa Mwali, mweupe wa Maore, mwekundu wa Nzwani, wa buluu wa Ngazija. Ugomvi wote uko katika ule mlia mweupe.

Mfaransa aliingia Maore kabla ya kuingia visiwa vingine. Ilikuwa mwaka 1841, kwa mkataba na Andriantsoly, mtawala aliyekuja kutoka Madagaska. Ngazija, Nzwani na Mwali ziliwekwa chini ya himaya yake mwaka 1886, miaka 45 baadaye. Kwa hiyo makao makuu ya Mfaransa yalikuwa Dzaoudzi, kwenye kile kisiwa kidogo cha Maore. Mwaka 1958 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu kwenda Moroni, Ngazija. Ofisi zikahama, mishahara ikahama, waume wakazifuata kazi, na wanawake wakabaki Maore na watoto na maduka matupu.

Hapo ndipo jambo lilipoanzia, na wengi wetu huku hatulijui. Wanawake hao walijikusanya, kiongozi wao akiwa Zéna M'Déré. Kila kiongozi aliyekuja kutoka Moroni walimzunguka wakamtekenya, mbavuni na kwapani, mpaka akarudi chomboni. Hawakushika panga. Wakajulikana kwa jina hilo, wanawake wa kutekenya. Mwaka 1969 mmoja wao, Zakia Madi, alikufa katika vurumai gatini Mamoudzou, na tangu hapo hapakuwa na kurudi nyuma.

Ikaja kura ya uhuru, tarehe 22 Disemba 1974. Visiwa vyote vikihesabiwa pamoja, asilimia kama 95 walitaka uhuru. Lakini ndani ya Maore peke yake, zaidi ya asilimia 60 walikataa. Sasa kura ihesabiwe vipi? Kwa nchi nzima au kisiwa kimoja kimoja? Kabla ya kura, Ufaransa ilikuwa imesema koloni la Komoro ni moja. Baada ya kura, Bunge lake likapitisha sheria tarehe 3 Julai 1975 kwamba katiba mpya lazima ikubaliwe kisiwa kwa kisiwa. Siku tatu baadaye, tarehe 6 Julai, kiongozi wa Komoro, Ahmed Abdallah, alitangaza uhuru wa visiwa vinne bila ya kungoja. Tarehe 12 Novemba mwaka ule ule Umoja wa Mataifa ukaipokea Komoro na visiwa vyake vinne.

Mwezi wa Februari 1976 shauri lilifika Baraza la Usalama. Nchi 11 zikaunga mkono Komoro, 3 hazikupiga kura, na Ufaransa ikapinga peke yake. Kura hiyo moja ikatosha, kwa sababu ni kura ya turufu. Siku mbili baadaye ilifanyika kura nyengine Maore, na zaidi ya asilimia 99 wakataka kubaki na Ufaransa. Mwaka 2009 walipiga tena, na tangu tarehe 31 Machi 2011 Maore ni mkoa wa 101 wa Ufaransa.

Basi jibu lako ndilo hili. Kwa maazimio ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na kwa lile neno la viongozi wa Afrika pale Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka tuliyoirithi isiguswe, Maore ni Komoro. Kwa polisi aliyepo gatini, kwa fedha ya dukani na kwa kitabu cha mtoto skuli, Maore ni Ufaransa. Simu yako imeandika aliyekishika kisiwa. Mimi nilikufundisha kimetokana na nini.

*

*Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Mimi ni Mngazija wa Mjini Unguja. Mama yangu mdogo anaishi Mamoudzou tangu mwaka 1988 na ana hati zote. Ananambia watu wa nje hawawafahamu Wamaore. Walichagua wenyewe, si mara moja. Wametazama jirani wameona mapinduzi baada ya mapinduzi. Kwa nini kila anayeandika anawafanya wasaliti?*
Msomaji wa Vikokotoni

Waalaykum salaam bibie. Neno usaliti silitumii mimi, na wala sitaki litumike barazani kwangu. Mama yako mdogo kasema kweli. Mwezi haukutimia baada ya uhuru, Ahmed Abdallah akapinduliwa, tarehe 3 Agosti 1975, na Ali Soilih akaja kushika nchi. Mwaka 1978 mamluki wa Kifaransa, Bob Denard, alimrudisha Abdallah, Soilih akauawa. Mwaka 1989 Abdallah mwenyewe akauawa kwa risasi, na Denard yuko palepale ikulu. Mapinduzi na majaribio yake hayapungui 20. Mtu aliyekaa Maore akiyatazama hayo, akasema mimi sitoki hapa nilipo, sina kwa kumlaumu.

Tena nakuongezea jambo la kunisaidia mimi na wewe kufikiri. Mwaka 1997 Nzwani nayo ilijitenga na Moroni, wakapandisha bendera ya Ufaransa, wakaomba warudi chini yake. Ufaransa ikakataa. Sasa ikiwa hoja ni matakwa ya watu, kwa nini matakwa ya Maore yana uzito na ya Nzwani hayana? Sijapata kusikia jibu la swali hili likaniridhisha.

Lakini bibie, kura ya Maore siyo inayonikosesha usingizi. Mimi kinachoniuma ni viza.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Domoni, Nzwani, upande wa mashariki, unaoelekea Maore. Alikuja Unguja kwa jahazi akiwa kigori, akaolewa Malindi. Tulipokuwa tukimenya njugu za kashata, alikuwa akitusimulia harusi ya dada yake aliyeolewa Maore. Walitweka Domoni usiku, na vyano vya mapochopocho wamevifunga kwa kawa na kanga ili maji ya chumvi yasiingie. Asubuhi walikuwa kwa kina bwana harusi. Wakakaa mwezi mzima, wakarudi. Hakuna aliyewauliza kitu. Ukiwa Maore siku ya anga safi, alisema, unakiona kilele cha Nzwani. Masafa yenyewe ni kama kilomita 70. Boti ya kutoka hapa Malindi kwenda Mkoani inakwenda masafa makubwa kuliko hayo, na watu wanalala njiani.

Mpaka mwaka 1995 ilikuwa karibu na hivyo. Mwezi wa Januari mwaka huo serikali ya Ufaransa, waziri mkuu akiwa Édouard Balladur, iliweka viza kwa Mkomoro anayetaka kuingia Maore. Mtu wa Domoni anatakiwa akaiombe kwa Mfaransa, awe na fedha benki, awe na barua, na mwisho aambiwe hapana. Watu hawakuacha kuvuka. Walichoacha ni kuvuka mchana. Sasa wanavuka usiku katika mashua za faiba wanazoziita kwasakwasa, watu wamerundikana, mashine mbili nyuma, taa zimezimwa wasionekane na rada, na miamba ya Maore inawangoja. Ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa lenyewe, ya mwaka 2012, ilikadiria waliokufa tangu 1995 ni kati ya 7,000 na 10,000. Maneno hayo hayakutoka kwa Moroni. Na tangu mwaka huo wa 2012 bahari haikusimama.

Mjukuu wa yule dada yake bibi, aliyeolewa kwa vyano na kanga, ni mmoja wao. Alitoka Domoni mwaka 2013, mimba ya miezi saba. Alikuwa ameolewa Maore, akaja Nzwani kumzika baba yake, na hati ya kurudia hakuwa nayo. Tulingoja simu siku nne. Tulimsalia salatulghaibu msikitini kwetu, kwa sababu hapakuwa na maiti ya kuosha.

Ndiyo nasema hivi: achilia mbali bendera. Bendera imewashinda wakubwa tangu 1975 na inaweza kuwashinda miaka mingine 50. Mtu na dada yake ni jambo jengine. Ufaransa inaweza kuikalia Maore na bado ikaruhusu mtu wa Domoni aende maziko, aende harusi, aende hospitali, arudi. Ilikuwa ikifanya hivyo mpaka 1995, na Maore haikuacha kuwa chini yake.

Utanambia Maore itafurika. Imeshafurika, pamoja na hiyo viza. Karibu nusu ya watu wake ni wageni, wengi wao Wakomoro, na hospitali ya Mamoudzou ilizalisha watoto zaidi ya 10,000 mwaka 2022. Ufaransa hurudisha watu zaidi ya 20,000 kwa mwaka, wengine hata wiki haimaliziki wamesharudi. Aliyefika anaogopa kuondoka, maana akiondoka hatapita tena kwa salama. Viza imewafungia ndani wale wale iliyokusudia kuwazuia. Zamani mtu akivuka, akavuna, akarudi kwao. Sasa anajichimbia mlimani katika kibanda cha mabati.

Vibanda hivyo ndivyo vilivyopeperushwa na kimbunga Chido, tarehe 14 Disemba 2024, upepo umepita kilomita 200 kwa saa. Maiti waliohesabiwa ni kama 40, lakini watu wasio na hati waliogopa hata kwenda kujihifadhi maskulini, wakidhani ni mtego wa kukamatwa. Fikiri, mama yuko na watoto, bati limeondoka, na anachokiogopa zaidi ni polisi. Rais Emmanuel Macron alipokwenda, watu wakamzomea, akawajibu kwamba kama si Ufaransa wangekuwa na hali mbaya mara elfu kumi zaidi. Siku ile nilizima redio. Na hao anaowaambia ndio raia wake, na kwa hesabu za serikali yake, 77 katika kila 100 ya wakaazi wa Maore wanaishi chini ya mstari wa umasikini wa Ufaransa.

Sisi wa visiwa hivi tunayajua haya kwa miili yetu. Januari 2001 nilikuwa nasomesha Micheweni. Baada ya risasi za siku ya maandamano, watu zaidi ya 2,000 walitoka Pemba wakavuka kwenda Shimoni, Kenya, kwa mashua na kwa ngarawa. Darasani kwangu madawati mengi yalikuwa wazi, na niliendelea kuita majina ya watoto kwenye daftari kwa sababu sikuwa na moyo wa kuyafuta. Kule Shimoni walipokewa. Hakuna aliyewazamisha, hakuna aliyewazimia taa. Wapo waliorudi, na nikawafundisha tena.

Na wapo Wapemba wengine, waliovuka zamani zaidi kufuata dagaa na nguru, wakakaa Kwale na Kilifi vizazi na vizazi bila ya kitambulisho. Mtoto hana cheti, mvuvi hana leseni. Mwaka 2023 Kenya ikawatambua rasmi kuwa ni kabila katika makabila yake, na mwezi wa Julai wakaanza kupewa vitambulisho. Ni watu kama 7,000. Kenya haikuzama kwa hilo, wala Pemba haikubaki tupu. Mwambie mama mdogo nimeyasema haya. Nataka jawabu lake, kwa sababu yeye yupo na mimi sipo.

*

*Mwalimu, hivi ni kweli askari wetu waliwahi kupigana Komoro? Marehemu baba alikuwa jeshini na alikuwa akisema, lakini skuli hatukusoma.*
Kijana, Chake Chake

Ni kweli. Mwaka 2008 mkuu wa Nzwani, Kanali Mohamed Bacar, alikataa kuachia madaraka. Umoja wa Afrika, mwenyekiti wake wakati huo akiwa Rais Jakaya Kikwete, ukapeleka askari, wengi wao wa Tanzania na Sudan, pamoja na jeshi la Komoro. Tarehe 25 Machi waliteremka Nzwani, na kisiwa kikachukuliwa ndani ya siku mbili. Bacar alikimbia kwa chombo, na wapi alikokwenda? Maore. Wafaransa wakampeleka Réunion, kisha Benin. Kanali alivuka salama bahari ile ile. Marehemu baba yako alikusimulia sahihi, Mungu amrehemu.

*

*Bi Mwalimu, Mwingereza amekubali kuirudisha Chagos kwa Morisi. Iweje Mfaransa asilazimishwe kuirudisha Maore? Si kesi ni moja?*
Mwanafunzi wa chuo kikuu, Tunguu

Zinafanana mwanzo, hazifanani kati. Zote mbili ni koloni lililokatwa kipande kabla ya uhuru. Chagos ilikatwa kutoka Morisi mwaka 1965, na Morisi ikapata uhuru 1968. Lakini Mwingereza aliwatoa wenyeji wote, mpaka kufikia 1973 hakubaki mtu, ili Diego Garcia iwe kambi ya Wamarekani. Kwa hiyo Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipotoa maoni yake, tarehe 25 Februari 2019, London haikuwa na wenyeji kisiwani wa kuwaleta mbele waseme tunataka kubaki. Baraza Kuu likapiga kura miezi mitatu baadaye, 116 kwa 6. Mkataba ukatiwa saini tarehe 22 Mei 2025, na hata humo Diego Garcia inabaki kambi kwa kukodishwa miaka 99. Usiite hilo ushindi mzima.

Maore ina watu zaidi ya 300,000, na Ufaransa inasema katiba yake inakataza kutoa ardhi bila ya ridhaa ya wakaazi. Upande wa pili, Komoro yenyewe ililegeza kamba. Baraza Kuu lilikuwa likipitisha azimio juu ya Maore karibu kila mwaka, na la mwisho ni la 1994. Mwaka 2019 Moroni na Paris zilikubaliana msaada wa yuro milioni 150, na Komoro nayo isaidie kupokea wanaorudishwa. Serikali masikini hupima, nami siwezi kuihukumu kwa kupokea. Lakini mdai akinyamaza mahakamani, wewe unategemea hakimu aseme nini? Ukitaka kuandika tasnifu yako juu ya hili, anza na ile sheria ya 3 Julai 1975 uliyoisoma hapo juu. Isome neno kwa neno, kwa Kifaransa chake.

*

*Bi Mwalimu, naomba usitaje jina langu wala mtaa. Binti wa ami yangu yuko Nzwani. Ana mimba ya miezi sita na anataka kuvuka akazalie Maore ili mtoto apate uraia. Ameniomba nimchangie fedha za kwasakwasa. Nisipompa atanichukia, na nikimpa nitakuwa nimefanya nini?*

Mwanangu, usimpe.

Najua kwa nini anataka. Hospitali ya kwao anaijua mwenyewe, na mama yeyote angetamani zaidi kwa mwanawe. Lakini analolifuata halipo tena kama alivyosimuliwa. Sheria iliyopita Ufaransa mwezi wa Mei 2025 inasema mtoto wa wageni aliyezaliwa Maore hafikii uraia baadaye ila iwe wazazi wake wote wawili wamekaa katika ardhi ya Ufaransa kihalali mwaka mzima kabla hajazaliwa. Yeye atafika usiku, bila ya karatasi. Mtoto hatapata kitu, na mama atarudishwa kwa meli akiwa na kidonda cha uzazi. Huko ni kufika. Kusi limeshaanza kuvuma, na wewe umekulia pwani, unajua mawimbi ya mwezi huu yanaifanya nini mashua iliyojaa watu.

Fedha hizo hizo zitie katika nauli ya kweli. Ndege zipo baina ya Hahaya, uwanja wa ndege wa Ngazija, na Dar es Salaam, na Wakomoro wanakuja kutibiwa kila siku, wanajazana nyumba za wageni za Kariakoo. Mlete mapema, kabla shirika la ndege halijamkatalia kwa sababu ya mimba, uulizie na utaratibu wa kuingia na kukaa kabla hujakata tiketi. Kama gharama za hospitali zitakuelemea, niandikie tena; wanawake wa chama chetu cha kufa na kuzikana tuna mfuko mdogo, na mzazi hatumwachi.

Namba yangu ya simu nimemwachia mhariri, atakupa wewe peke yako. Mpe binti wa ami yako. Nataka nizungumze naye mwenyewe, kwa Kinzwani cha bibi yangu, kabla hajafunga mzigo.